Kivinjari Changu na Paka wa Ingrid

Jumatatu, 1 Machi 1993
Profesa Halloran ametangaza. Ijumaa atachagua kivinjari kimoja, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, changu au cha mwenzangu Ingrid Pasek, na hicho ndicho chuo kitakachowagawia watu wa dunia nzima bure. Nimefurahi. Changu kinaonyesha maneno matupu, safi. Ukitaka ukurasa mwingine unaandika namba yake. Nimekiita Wendell, jina langu. Mchana, vicheko mezani kwa Ingrid. Chake kinaweka picha katikati ya maneno! Tena picha ya paka wake. Watu wazima, wenye shahada, wamepanga foleni kumtazama paka!

Jumanne, 2 Machi
Nimekifundisha changu kuonyesha picha. Picha ikatokea, maneno yakapotea. Nikawaambia wenzangu nimekusudia: mtu achague, asome au atazame. Ingrid akachungulia begani kwangu. Eti, Wendell bwana, umesahau mabano tu hapo, nikurekebishie? Nikamwambia akamrekebishe paka wake.

Alhamisi, 4 Machi
Nimepata! Ukurasa atakaoufungua Profesa kesho nautunza mimi. Nimeubandikia picha ya mahindi ya shambani kwa baba, kubwa kupita kiasi. Cha Ingrid kitakwama. Changu, kisichojali picha, kitairuka na kupita mbio. Nimekula piza nzima peke yangu.

Ijumaa, 5 Machi
Nilijitolea kutangulia. Kumbe nilisahau kuondoa yale mambo ya picha niliyokifundisha Jumanne! Kivinjari Wendell kikaganda. Kioo cheupe pe. Profesa akatazama saa, akatazama theluji dirishani. Nikasema kinafikiri. Akauliza kinafikiri nini.

Zamu ya Ingrid. Maneno yakaja papo hapo. Mahindi yakafuata taratibu, mstari kwa mstari, Profesa keshaanza kusoma. Akapiga meza: yaani mtu hasubiri kitu! Akauliza nani kaweka picha ile, maana bila ukubwa wake asingeuona ufundi huu. Nikanyoosha mkono. Sijui kwa nini. Wakanipigia makofi.

Ingrid akanifuata kwenye korido. Akasema asante, na kwamba angependa tufanye kazi pamoja. Alimaanisha. Hilo ndilo lililoniuma. Nikakubali.

Jumatatu, 15 Machi
Kivinjari cha Ingrid kimeshatoka. Kazi yangu ni kujibu barua pepe za watumiaji. Zinamiminika: Melbourne, Kyoto, Oslo. Sifa tupu. Isipokuwa bwana mmoja wa Oslo, analalamika kwamba picha zinachelewa hadi kahawa yake inapoa. Ingrid akasema maskini, tumsaidie. Nikamwambia niachie mimi.

Mtu wa maana sana huyu! Anawasemea mamilioni walionyamaza. Leo nimeanza kuandika kivinjari kipya, kwa siri. Hakitakuwa na picha hata moja. Dunia imeshachoka na picha.