Malalamiko Juu ya Uzi Mwekundu Uliofungwa Kwenye Uji Wangu

Kasulu,
9 Agosti 1996

Ndugu Mhariri Ildefonsi,

Nisamehe kwa kukawia. Nilitaka kukuandikia tangu ulipoondoka kwenda Kibondo kwenye semina ya pili, lakini kila nikishika kalamu mwanangu Akimana naye anaishika, na kati yetu yeye ndiye anayeuma. Leo amelala, naandika haraka.

Kwanza pongezi. Ule Ukuta wa Maarifa katika chumba chetu cha kusomea ulianza vizuri: kila mwenye jambo analolijua aliandika karatasi yake, akachora na picha kwa ajili ya wasiosoma, nawe ukaibandika. Kisha ukaenda semina ya kwanza, ukarudi na uzi mwekundu. Ukatufundisha kwamba maarifa yasiyounganishwa yamepotea, ukafunga uzi kutoka kila karatasi hadi ndugu yake. Kabla ya kuondoka tena ukaandika mlangoni kwamba nyuzi zisikatwe na yeyote ila Mhariri. Ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kisu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi yangu inahusu uji wa mtoto aliyeachishwa ziwa: ulezi, karanga, dagaa wa kutwanga. Wewe umeiunganisha na karatasi ya Bwana Reverien ya kupika pombe, kwa sababu zote zina ulezi. Tangu hapo Mzee Harerimana anakuja kwangu kila asubuhi na mrija wake wa kunywea pombe. Siwezi kumfukuza mtu mzima. Namkaribisha, anakunywa uji, halafu ananiuliza kwa upole utachachuka lini.

2. Kutoka pombe umefunga uzi hadi "Ugomvi wa Ndoa", na kutoka hapo hadi "Kurudisha Mahari". Mama mkwe wangu hasomi, ila kidole chake kinatembea vizuri. Alianzia kwenye sufuria niliyoichora mimi, akafuata uzi, akaishia kwenye mbuzi wanaoswagwa kurudi kwao. Alikuwa amekuja kutoka Kagerankanda kutusalimia tu. Akaingia ndani akimwuliza mume wangu Fidele kwa nini narudishwa bila yeye kuambiwa. Fidele hakuwa na habari ya kuachana. Ikabidi anitetee papo hapo, na hakuwa amejiandaa.

3. Fundi Kuruthumu hana uzi, uliununua wote. Watoto wanakwenda shule wameshikilia kaptula kwa mkono mmoja, huku ukutani maarifa yamekazwa barabara.

4. Kwa hayo tu nisingekusumbua. Jirani yangu Maximilla alikuwa akimleta mwanawe Mpawenimana anywe uji pamoja na Akimana. Mtoto yule amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu, alikuwa hachezi. Alikuwa ameanza kucheka, Mhariri. Tangu ufunge uzi, wanawake kisimani wanamwambia mama yake, "Haya, mpeleke tena kilabuni kwa Mama Akimana!" Sasa anapita njia ya nyuma. Nimemweleza, akanijibu kwamba mimi ni jirani tu, uzi umefungwa na mtu wa semina. Bado napika sehemu ya yule mtoto. Inapoa.

Kwa hesabu yako, vitu viwili vikionekana pamoja ni ndugu. Sawa. Basi niruhusu nami nifunge uzi kutoka jina lako hadi karatasi ya "Panya Waharibifu", kwa kuwa nao hawaonekani ila siku mahindi ya msaada yanapoingia stoo. Sina ubaya wowote, naunganisha maarifa.

Naomba uje na mkasi uukate uzi ule. Na kama unaona aibu kukata mmoja, kata zote.

Fidele anakusalimu. Mama mkwe, ambaye bado yupo, anakusalimu na kusema mbuzi wale walishaliwa zamani. Wasalimie wote huko Kibondo. Aliyewafundisha habari ya nyuzi msalimie wa mwisho.

Ni mimi niliye mwanzo wa uzi,
Vestina, Mama Akimana

N.B. Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Maximilla ameingia sasa hivi, mtoto mgongoni, bakuli mkononi. Kumbe jana Mzee Harerimana alisimama kisimani akilalamika mbele ya wanawake wote kwamba nimemtapeli: muda wote huu anakunywa kwangu na hajalewa hata mara moja, amenenepa tu. Maximilla anasema kwa habari ya pombe anamwamini mzee yule kuliko semina. Mpawenimana amemaliza bakuli, sasa anang'ang'ania mwiko. Bila uzi wako mzee asingefika kwangu, kwa hiyo usiuguse. Niletee tu: uzi mwekundu wa kutosha kutoka uji wangu hadi karatasi ya "Mtoto Kuvimba Miguu", iliyo upande wa pili wa mlango, pini mbili, karanga kisado kimoja, na kikombe kikubwa cha kumpa Mzee Harerimana, maana bado anakuja na dagaa wanaziba mrija. Mkasi uuache huko huko.