Ndege Wamezikataa Nyumba Zangu

Kwa Bwana Mkubwa wa Ofisi ya Visiwa na Ndege,

Pokea salamu za mtu mzima anayekuandikia akiwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu kiti kimevunjika, na kiti hicho sikukitengeneza mimi. Ni mimi yule fundi mwashi mnayeniita Mzee Pimamaji. Kama u mzima nashukuru. Mimi pia ni mzima, isipokuwa magoti, mgongo, jicho la kushoto na hasira.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mwenyewe, herufi moja moja, maana shuleni niliingia kwa mlango nikatokea dirishani, na mpaka jua linakuwa utosini nikawa nimeielewa yote. Unasema nyumba nilizowajengea ndege kule kisiwani zitavunjwa Jumatatu, kabla kundi kubwa halijafika kutaga, na kwamba mimi nisikanyage tena huko. Bwana Mkubwa, nimeshika mwiko kabla sijaota ndevu. Hakuna ukuta wangu uliowahi kuvunjwa. Hata niliposahau kuweka mlango kwenye jiko la shemeji yangu, familia nzima ilipitia dirishani mwaka mzima kuliko kunivunjia heshima.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa utaratibu, tena kwa namba, usije ukasema mzee amepayuka.

1. Kuhusu kazi yenyewe. Kile kisiwa hakikaliwi na mtu. Ni mwamba, majani machache na ndege. Kila msimu wanakuja buabua, wale weupe wenye kofia nyeusi, wanataga chini kwenye changarawe bila hata kijiti, kama watu waliotolewa vyombo nje na mwenye nyumba. Jua linaunguza vifaranga, na wanaobaki wanaliwa na kunguru. Ndipo yule binti mtaalamu wa ndege wa ofisini kwako akaja kwangu, akasema kwa adabu, "Babu, tunaomba vikuta vya mawe tu, vilete kivuli. Chini usiguse, acha changarawe zake." Nikamwitikia, "Sawa, mwanangu." Lakini Bwana Mkubwa, kumwomba fundi kama mimi vikuta ni sawa na kumwita ng'ombe aje abebe kijiko. Nikajenga nyumba. Kumi na mbili. Zina paa la zege, mlango uliokwepa upepo, na kibaraza. Mke wangu hana kibaraza!

2. Kuhusu sakafu. Unasema mayai yanabingirika na kutoka nje. Ni kweli, sikatai, nilikuwepo. Sakafu zile nilizipiga niru ya saruji mpaka ukiinama unahesabu meno yako, yale yaliyobaki, na nikazipa mteremko kuelekea mlangoni ili maji yasituame, kama nilivyofanya kwenye choo cha ofisi yako. Umewahi kukanyaga dimbwi pale chooni? Haya. Basi buabua wawili waliotangulia wenzao wakaingia, jike akataga, yai likashuka sakafuni, likavuka kibaraza, likaenda zake. Yule ndege akalitazama yai, kisha akanitazama mimi. Sitaki kueleza alinitazamaje. Binti mtaalamu alijiziba mdomo. Mwenye boti aliyetuvusha alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mzee, umewajengea nyumba au umewachimbia mfereji?"

Jibu langu ni kwamba sakafu haina kosa. Kosa ni la yai. Kitu kinachotaka kutulia mahali hakiji kikiwa mviringo. Naomba ofisi yako ilitazame jambo hili upande wa ndege kabla ya kulitazama upande wa saruji. Mke wangu aliposikia hoja hii alisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mbaazi haujawahi kujenga.

3. Kuhusu tabia ya wapangaji. Tangu siku ile hawaingii. Wanakaa juu ya paa, wanachafua, wanagombana kibarazani, halafu wanakwenda kujilaza juani kama hawana kwao. Nimewabembeleza. Nimewaonyesha kwa mfano: niliingiza kichwa changu mwenyewe kwenye nyumba namba saba, waone nafasi ilivyo. Kichwa kikaingia vizuri. Kutoka kikakataa. Binti akavuta mguu mmoja, mwenye boti mwingine, na buabua wawili wakanidonoa mahali ambapo mtu wa umri wangu hadonolewi. Tukio hilo ndilo barua yako inaliita "kuwasumbua ndege wanaotaga". Nauliza kwa heshima, nani alimsumbua nani? Na naomba iandikwe kwamba muda wote huo nyumba haikutikisika.

4. Kuhusu karai langu. Nilipoondolewa kisiwani kwa haraka, karai langu la zege lilibaki nje ya nyumba namba nne, likiwa na changarawe zilizosalia. Nalitaka kabla ya Jumatatu. Nimeshamwomba mwenye boti alipitie, lakini ofisi nayo iwajibike. Paa la chumba chetu cha kulala linavuja, na karai ndilo tulilokuwa tunalitega. (Paa nililiezeka mimi, lakini mimi ni mwashi, kuezeka ni kazi ya watu wengine.) Sasa mke wangu anatega sufuria, kwa hiyo mvua ikinyesha hatupiki. Anapita anasema, tena kwa sauti ya kusikika na jirani, "Ndege wana nyumba kumi na mbili, mimi nimeolewa na tone." Nikimwambia anyamaze, tone linamjibia.

5. Kuhusu haki. Kama sheria ni kwamba nyumba isiyopendwa na wakazi wake ivunjwe, basi msianzie kwangu. Anzeni na ofisi yako, maana kila nikipita saa nane naikuta tupu. Kisha kivunjeni chumba cha maiti nilichokijenga pale hospitali, kwa sababu sijasikia hata mmoja aliyeingia kwa hiari yake. Mkimaliza hapo mnivunje na mimi. Nasema kweli. Siku hizi mafundi vijana wanapita hapa mlangoni na mashine zao za tofali, wananipa shikamoo, hawanipi kazi. Mwiko wangu ulikuwa umeshaanza kuota kutu msumarini ulipokuja wito wa kisiwa. Niliunoa. Nilivaa ile ovaroli ya kazi, mke wangu akaniangalia, kisha akanipangusa vumbi begani. Fundi hukumbukwa kwa kazi yake ya mwisho, Bwana Mkubwa. Mkizivunja zile, kazi yangu ya mwisho itakuwa kifusi.

6. Kuhusu ninachoomba. Nyumba ziachwe kama zilivyo, pamoja na sakafu, hasa sakafu. Nirudishwe kisiwani nikaendelee kuwaelimisha ndege. Wapewe msimu mmoja wa kuzoea, maana hata binadamu akihamia nyumba nzuri huanza kwa kulala sebuleni. Wakikataa tena, waondoke wao, waletwe ndege wengine wenye malezi. Hata bata.

Nisalimie wote hapo ofisini: mlinzi wa getini, mama wa usafi ambaye ndiye shahidi wangu wa sakafu ya chooni, na binti mtaalamu, umwambie sina kinyongo naye ila miguu bado inauma. Wasalimie na ndege, isipokuwa wale wawili wa namba saba. Mke wangu anakusalimu. Anasema mzivunje. Usimsikilize.

Ni mimi, nisiyepinda wala kupindishwa,

Fundi Mzee Pimamaji

Nyongeza: Nilikuwa nimeshailamba bahasha, nikalazimika kuichana. Mwenye boti amerudi kutoka kisiwani bila karai. Anasema ndani ya karai, juu ya zile changarawe, amelala buabua, na chini yake kuna yai, limetulia tuli, haliendi popote. Nikamuuliza liko juani? Akasema hapana, liko kwenye kivuli cha ukuta. Ukuta wa nani? "Wako, Mzee. Wa nani tena kule?" Nimemuuliza mara tatu, mara zote tatu ni wangu.

Kwa hiyo ni kivuli na changarawe, kama binti alivyosema. Ukimwambia nimeandika hivi nitakana.

Jumatatu usitume vijana. Hawajui kuvunja, wataangusha mpaka kuta. Nitume mimi. Sakafu nitazing'oa mwenyewe, moja moja, nimwage changarawe. Nyundo ninayo. Namba nne nitaiacha mpaka kifaranga aruke, na karai asiliguse mtu. Mke wangu amesema sufuria itavumilia. Halafu akauliza, nikishamaliza kwa ndege, nitapanda lini juu ya paa letu? Nimemwambia angoje kwanza wenzake wa kisiwani wahamie.