Vyumba Saba vya Randa

"Jamani, sikieni maajabu! Kuna mwandishi kapewa tuzo. Katunga hadithi ya kibanda cha fundi viatu. Kwa nje ni futi nne kwa nne. Ukiingia ndani, mji mzima! Una reli, una ziwa, una watu na shughuli zao!"

Aliyesema ni kinyozi, na jina la Redio hakupewa bure. Habari zilimtoka tangu anafungua duka mpaka anafunga, na mteja aliyekuja kupunguza ndevu aliondoka anajua mambo ya dunia nzima na shavu moja halijanyolewa. Nje ya duka lake kulikuwa na benchi, na wenye kijiwe walikuwa wamekwisha kaa hapo asubuhi hiyo, kila mmoja akiwa ameaga nyumbani kwake kwamba anatoka kwenda kutafuta.

Wa kwanza kuchukia alikuwa Soli, kwa sababu yeye ndiye fundi viatu.

"Kibanda cha fundi viatu? Huyo mwandishi aliwahi kuingia kimoja au alisimuliwa? Mimi changu nikiingiza mwili, miguu inabaki barabarani. Juzi mama mmoja kapiga mayowe, kadhani nimegongwa na gari!"

"Ni hadithi ya kutunga, bwana," Redio akasema.

"Hata kutunga kuna mipaka! Ziwa? Mimi nikitaka kuweka kikombe cha chai, lazima nyundo itoke nje kwanza."

Mzee Kanuni akakohoa. Huyu alikuwa karani wa ofisi ya ardhi, amestaafu miaka tisa iliyopita lakini kalamu mbili bado zinakaa mfuko wa shati, na hakuna jambo lililomfurahisha kama jambo lisilofuata utaratibu.

"Swali la msingi ni moja. Kibali kilitolewa na nani? Umeomba kujenga kibanda cha futi nne, ndani umejenga mji. Hiyo ni kubomoa."

"Mzee, nimesema ni hadithi!"

"Hata kwenye hadithi. Alama nyekundu, kubomoa."

Dada Birika, aliyekuwa akiwauzia kahawa na kuwavumilia kwa miaka yote hiyo, akacheka mpaka akaiweka birika chini.

"Sasa nyinyi mnashangaa nini? Si ndio nyinyi wenyewe? Nikiwasikiliza hapa, kuna kampuni tatu, shamba la ekari hamsini na safari ya Ulaya. Nikiwatazama, naona wanaume wanne na vikombe viwili vya kupokezana."

"Umetuonea," Soli akasema. "Shamba ni ekari arobaini."

"Mimi sikatai," Redio akasema, mashine ya kunyolea mkononi. "Dukani kwangu vioo viwili vinatazamana. Kiti kimoja, mteja mmoja. Akishakaa, nikitupa jicho naona foleni ya watu wasiopungua arobaini. Kuna siku nilijisikia nawaambia, 'Vumilieni jamani, nawafikia.' Mteja akashuka kitini, akaenda zake."

Walicheka wote isipokuwa Randa. Huyo alikuwa seremala, na kwa kawaida habari ya nyumba, hata iwe ya panya, asingeiachia mtu mwingine aimalize. Leo alikaa ncha ya benchi, penseli sikioni, macho kwenye barabara ya kutokea stendi, kahawa yake imepoa mpaka imefanya utando.

"Wewe vipi?" Dada Birika akamuuliza. "Umefiwa?"

"Bado."

"Bado ndiyo nini?"

Randa alikuwa amepanga asiseme, lakini saa nne, saa ya basi kufika, ilikuwa inakaribia.

"Nyumba kama ya huyo mwandishi, mimi ninayo. Ina vyumba saba."

"Saba!" Soli akaruka. "Si unakaa chumba kimoja pale nyuma ya mashine ya kusaga? Kile ambacho mtu akipiga chafya ndani, pazia linatoka nje?"

"Hicho hicho. Kwa macho ni kimoja. Kwa simu ni saba."

Basi ikabidi aeleze. Miaka sita iliyopita, alipokwenda kuposa, wazee wa upande wa mke walimcheka hadharani. Walisema seremala mwenye msumeno mmoja atamlaza binti yao juu ya maranda. Aliyesimama kumtetea ni mtu mmoja tu, mama wa binti. Alisema, "Kijana huyu nimemwona. Mtoto wangu hatakosa pa kulala." Wakanyamaza, akapewa mke.

"Sasa mwaka wa kwanza tu kanipigia simu. Kaniuliza, 'Baba, mnakaa vizuri? Nafasi ipo?' Ningemjibu nini? Nikamwambia ipo mama, na chumba cha wageni kipo. Akafurahi! Nilimsikia kabisa anafurahi. Mara ya pili akauliza chumba cha wageni kinaendeleaje, nikaona aibu kukiacha kimoja, nikaongeza cha watoto. Ikawa ndiyo mtindo. Yeye anapiga, mimi najenga."

"Kwa kibali gani?" Mzee Kanuni akauliza.

"Mzee, naomba unisamehe leo."

"Na mkeo?" Dada Birika akadakia. "Alikuwa anasikiliza tu?"

"Nilimwapisha asiseme. Kaniambia, 'Sitamwambia, lakini siku akija, utamtembeza mwenyewe.' Na anakuja leo. Mama watoto kaenda kumpokea stendi."

Kijiwe kizima kikapiga mluzi. Halafu, kwa kuwa hakuna mtu mwepesi wa kutoa ushauri kama asiye na kazi, wakaanza wote kwa pamoja.

"Mwambie nyumba imo kwenye matengenezo!" Soli akasema.

"Mwambie kuna kesi mahakamani," Mzee Kanuni akasema. "Kesi ya nyumba inaweza kumsubirisha mtu mpaka akafa, na ni halali."

"Chukua kioo changu kimoja," Redio akasema. "Kiweke ukutani, chumba kinakuwa viwili papo hapo."

Randa akatikisa kichwa. "Mmechelewa. Nimeshafanya langu."

"Umefanya nini?"

"Nimeweka milango."

Dada Birika ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa, akajishika mdomo.

"Milango ya wateja ilikuwa imelala karakana," Randa akaendelea, sauti inazidi kwenda chini. "Usiku kucha nimeshindwa kulala, alfajiri nikaibeba. Nimeisimamisha minne ukutani. Fremu, bawaba, vitasa, kila kitu. Nimesema akiingia aone milango tu. Nikimwambia vyumba vimefungwa, funguo zimepotea, ataamini. Mtu gani anaweka mlango pasipo na chumba?"

"Seremala," Soli akajibu.

"Jirani kasikia nyundo, kaja mbio kuniuliza kama nahamia kwake."

"Ikawaje sasa? Imependeza?" Redio akauliza.

"Imependeza sana. Ila fremu zimekula nafasi. Kitanda kimegoma kurudi mahali pake, nimekisimamisha wima. Meza iko nje. Watoto wakikaa wawili, wa tatu hapati." Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yule mwandishi kapewa tuzo kwa kibanda kikubwa ndani kuliko nje. Mimi nimekipata kidogo ndani kuliko nje!"

Walitaka kujizuia, haikuwezekana. Soli aliteleza benchini akakaa chini kabisa. Randa mwenyewe alicheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa, halafu machozi yakamtoka na hakujua ni ya kicheko au ya nini. "Nyinyi chekeni," akasema. "Watu wote walinicheka na yeye alinishika mkono. Leo namuonyesha nini? Ndilo linaloniumiza, si milango."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Redio alizima mashine, jambo ambalo hata wateja walikuwa hawajawahi kulifanikisha.

Na ndipo wakamwona mama mwenyewe. Hakutokea upande wa stendi. Alikuwa anatoka uchochoroni, upande wa mashine ya kusaga, maana yake basi lilifika mapema na nyumbani alikwisha pita. Mama mfupi, mwembamba, mkoba begani, hatua za mtu anayejua anakokwenda. Nyuma yake alikuja mke wa Randa, ameuma ncha ya mtandio asiangue kicheko.

Randa akasimama. Wote wakasimama, hata Mzee Kanuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Poleni na safari."

"Tumeshapoa. Nimefika nyumbani kwako. Nimefungua mlango wa chumba changu."

Penseli ikamdondoka Randa sikioni.

"Nimekuta ukuta," mama akasema kwa upole. "Nikasema labda nimekosea, nikafungua wa pili. Ukuta. Wa tatu kitasa kimenibakia mkononi." Akakitoa mkobani, akampa.

Randa akakipokea kwa mikono miwili. Alitamani ardhi impe angalau chumba kimoja chini huko ajifiche. "Mama, nisamehe. Vyumba havipo. Havikuwahi kuwapo. Tunakaa chumba kimoja, nimekudanganya miaka sita. Uliniamini mbele za watu, nikaona haya kukuambia kwamba bado sijafika popote."

"Kwani nilikuwa sijui?"

"Ulikuwa unajua?"

"Mwanangu, unaniambia uko sebuleni, na mimi nasikia sufuria linachemka sikioni kwako. Unasema watoto wako chumbani kwao wanasoma, na mmoja anakohoa ndani ya simu. Nyumba ya vyumba saba, mtu akifunua chungu wote mnapiga chafya?"

Soli akatoa sauti kama tairi linalotoka upepo. Dada Birika akampiga kofi la mgongo.

"Basi mama, mbona ulikuwa unauliza?" Randa akasema. "Kila simu unauliza, 'Kuna chumba kipya?'"

Mama akaweka mkoba benchini.

"Mimi nakaa kwa kaka yangu. Tunalala wanawake wanne chumba kimoja, mikeka imepandana. Nikishakata simu, wenzangu wananiuliza, 'Leo kaongeza nini?' Nawaambia, tunagawana. Dada yangu kachukua cha karibu na jiko, anaogopa baridi. Shangazi yake mkeo kachukua kile chenye madirisha mawili. Veranda wameigombania, mpaka leo hawasemeshani. Ungesema ukweli, tungelala wapi?"

Mke wa Randa akaacha kuuma mtandio. Hata kwake lilikuwa jipya. Machozi yakamrudia Randa, mama akamfuta shavu kwa ncha ya kanga, mbele ya kijiwe chote, bila kujali.

"Mimi nilisema mtoto wangu hatakosa pa kulala," akasema. "Nimeangalia. Pa kulala papo. Sasa mpango ni huu. Mimi, binti yangu na wajukuu tutakaa kwenye kile kimoja. Itoe hiyo milango kabla ya mchana, inatubana. Na wewe mwenye nyumba," akauchukua mkoba wake, "vimebaki sita. Chagua unachotaka."

Akageuka na binti yake, wakaenda wanashikana mikono, sasa wanacheka waziwazi.

Randa alibaki amesimama na kitasa mkononi. Mama atakaa wiki tatu. Akawageukia wenzake polepole, na wenzake, waliojua swali kabla halijatoka, wakaanza kutawanyika. Soli alikumbuka soli. Mzee Kanuni alikumbuka kwamba siku za kazi hapokei maombi. Dada Birika alikusanya vikombe, hata kile ambacho bado kilikuwa na kahawa.

"Redio, ndugu yangu," Randa akaita. "Si ulisema juzi una nyumba kubwa, ina nafasi mpaka mwangwi?"

Redio alikuwa ameshaingia dukani, anavuta mlango kwa ndani.

"Ndugu yangu, kwangu hata mimi nalala kwa zamu."