Kitufe cha Rudi

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza tovuti ya duka la samani la Mjomba. Kazi safi! Chini ya kila samani nimeweka kitufe cha "Rudi". Msimbo wa mstari mmoja tu, unamrudisha mtu kwenye ukurasa aliotoka. Kipara, seremala wetu, akasema mbona kompyuta ina mshale wa kurudi tayari. Wivu huo.
Mjomba alipotoka, nikatumia kompyuta ya kaunta kuomba kazi kwa Bwana Vanishi, mpinzani wake wa ng'ambo ya barabara. Kila mlango ukilia, nashtuka. Sababu ya kuhama nikaandika: mjomba wangu ni bahili. Nikatuma. Palepale, juu ya ukurasa wa Vanishi, nikafungua ukurasa wa kitanda chetu cha mninga kufunika ushahidi. Nani atajua?

Jumanne, 4 Machi
Nimekwisha. Mjomba alimwonyesha mteja kile kitanda kwenye kompyuta ya kaunta, kisha akabonyeza Rudi kwa madaha. Kikamrudisha nilikotoka mimi! Ukurasa wa Vanishi ukajaa kioo: asante kwa kuomba kazi, jina langu, sababu yangu. Mjomba hakuwa na miwani. Mteja alikuwa nayo. Akasoma kwa sauti, mpaka kwenye bahili.
Nikasema ni kirusi cha kompyuta. Kipara akacheka hadi randa ikamponyoka.

Jumatano, 5 Machi
Mjomba ananipita kama kiti kibovu. Afadhali angepiga kelele. Nalala katika chumba alichonipa juu ya karakana, na kila nikisikia hatua ngazini najua anakuja kunitolea virago. Mama akisikia nitajificha wapi?
Jioni akaja kweli. Akasimama mlangoni, hakuketi.
"Umekula kwangu tangu baba yako afariki. Kiondoe hicho kitufe. Nikiuona tena ukurasa wa yule mtu dukani kwangu, utalala kwake."
Nikaapa.

Alhamisi, 6 Machi
Ahadi ni deni. Rudi nimekiondoa.
Kwanza nilichungulia kwa Vanishi, kwenye kompyuta ileile ya kaunta, mara moja tu, nione kama wamejibu. Kimya. Nikabonyeza mshale wa kurudi, nikarejea kwenye kitanda. Salama.
Ila chini pamebaki patupu, panatia huruma. Nimeweka kitufe kipya, "Mbele". Ni Rudi kwa kinyume: kinampeleka mtu kwenye ukurasa aliouacha kwa mshale. Mbele kuna aibu gani? Kipara akasema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui anamsema nani.
Mjomba anaingia na wateja, na miwani yake amevaa. Nimemwomba akibonyeze yeye, awe wa kwanza.