Ombi la Kumzuia Mume Wangu Asistaafu

Ndugu Mkurugenzi wa Taasisi,

Yah: MTAALAMU WENU WA VINASABA VYA PANYA

Mimi ni mke wake. Nimesikia Ijumaa mmemwandalia keki, hotuba na saa ya ukutani, kisha mnirudishie jumla jumla. Nakuandikia kwa heshima zote, huku maji yamenifika shingoni, kukuomba umzuie asistaafu. Kwa miaka thelathini na moja nimekuwa nikimpata jioni na mwisho wa wiki tu, na kiasi hicho kimenitosha. Ushahidi ni huu:

1. Mtoto wetu wa kwanza alikaa siku tisa bila jina, kwa sababu baba yake alishamwandika daftarini: "Kizazi cha Kwanza, dume, hana mkia." Nilipolalamika akaongeza: "Mama ni mkali." Kila asubuhi alimpima kwa mizani yangu ya unga. Mpaka leo nikiiona mizani ile sina hamu ya kukanda chochote.

2. Mwaka juzi umeme wa maabara ulipokatika, alikuja na panya wawili weupe ndani ya mfuko wa chakula chake cha mchana, akaniapia kuwa wote ni majike. Ndugu Mkurugenzi, huyo ndiye mtaalamu wenu! Wiki ya nne walikuwa kumi na moja, wamejikunyata ndani ya kofia yangu ya kwendea harusini, na yeye kapiga magoti anashangilia kwa sababu mmoja ana sharubu zilizojikunja. Kofia hiyo sasa ina namba, na mimi siruhusiwi kuigusa bila kunawa.

3. Mjomba wangu alipofariki, mume wangu alikaa msibani akitazama saa. Alipokufa panya wake namba 417, hakula siku mbili. Majirani walipoona hali yake wakaja kunipa pole, wakidhani nimefiwa na mama mkwe. Sikuwasahihisha. Mmoja alilia sana, nikaona aibu kumkatiza.

4. Hili ndilo lililonimaliza. Mwezi uliopita mchumba wa binti yetu alikuja na wazazi wake kujitambulisha. Badala ya kuwakaribisha viti, mwenzangu alizunguka nyuma ya kijana kumkagua masikio. Akauliza babu zake walianza kupata upara wakiwa na miaka mingapi. Kisha, Mungu anisitiri, akamgeukia mama mkwe mtarajiwa: "Samahani mama, kwa mkupuo mmoja huwa unazaa wangapi?" Bahati kijana alicheka mpaka akamwaga chai, vinginevyo binti yetu angezeekea humu ndani.

Sasa piga hesabu. Ikiwa haya ni ya jioni na siku mbili kwa wiki, siku saba kutwa nzima zitakuwaje? Kwa makadirio yangu, mwezi ukiisha nitakuwa nimetobolewa sikio kwa ajili ya utambulisho kama panya wenu, na jirani yangu atakuwa kundi la kulinganishia.

Kwa hiyo naomba aongezewe miaka kumi. Kama nafasi za watafiti zimejaa, hata ya panya itamfaa. Mpeni kizimba, maranda makavu na chupa ya maji, hana makuu. Nitamletea nguo safi kila Jumatano, na nitanawa mikono mlangoni.

Nisalimie katibu wako, fundi wa vizimba, mlinzi wa geti anayemfunga mume wangu vifungo vya koti, na panya wote, hasa wazee.

Wako niliyeishiwa nguvu,
Mke wa Mtaalamu

Nyongeza: Nikitafuta bahasha kwenye mkoba wake nimekuta daftari la kijani nisilolijua. Juu limeandikwa "Jike Namba 1", na tarehe ni ya wiki tuliyooana. Ukurasa wa kwanza: "Hucheka peke yake jikoni. Sababu haijulikani. Usimuulize, ataacha." Mwaka wa kumi na saba: "Amenuna tangu Jumatatu. Chai yangu bado anaitia sukari." Na juzi: "Miaka thelathini na moja, bado sijajua kinachomchekesha. Kuanzia Ijumaa nitapata muda."

Ndugu Mkurugenzi, nimelia mpaka wino umechuruzika, ndiyo maana sahihi yangu haisomeki. Usimwongezee hata siku moja. Akimaliza mapema Alhamisi, mwacheni aje. Suala la sikio tutaelewana wenyewe. Na kinachonichekesha jikoni ni yeye, ila tafadhali usimwambie. Naogopa utafiti utaisha.