Kipa wa Nyota Tano

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika Azaiba, hapa Maskati, alasiri kweupe, mbele ya watu elfu kumi. (Sawa, walikuwa kama sitini. Lakini walikuwa na macho ya watu elfu kumi.)

Chanzo ni uvumi mmoja niliouamini miaka na miaka. Jamaa yangu aliyewahi kukaa Marekani alinihadithia kuwa kule vyuo havitafuti wachezaji kwa kubahatisha. Mtoto akizaliwa tu, mtaalamu yuko mlangoni mwa wodi na futi ya fundi cherehani. Anampima shavu la mguu, anamwandikia nyota, moja mpaka tano. Nyota kabla ya jina! Na mwenye tano, akasema, hajapata kuangusha mtu. Nikaamini. Mtu mzima, na ndevu zangu.

Mnanijua. Nimehitimu chuo cha jioni mwaka jana, kwa hivyo nnajiona hakuna elimu inayonishinda. Siku za kazi nipo na mafaili ofisini Al Khuwair. Ijumaa naitafutia wachezaji timu ya chuo changu cha zamani. (Cheo hicho nilijipa mwenyewe.)

Sasa, mechi ya leo ilikuwa ya kufa na kupona. Tukifungwa, tunatolewa kwenye ligi ya vyuo vya jioni, na kocha wetu Bwana Salum alishaambiwa na mkuu wa chuo: mkitolewa, timu inavunjwa. Sare ilikuwa inatutosha. Sare tu!

Kipa tunaye, Nassor, miaka mitatu golini. Lakini Sib kuna kijana anaitwa Harith, ana ukurasa mtandaoni anakowapanga wachezaji wa vyuo kwa nyota, vilevile kama Marekani. Nikaufungua. Nassor: nyota moja. Moja! Na Yahya, mwanafunzi wetu mpya ambaye mazoezini hajafika hata mara mbili: nyota tatu.

Nikampigia simu Harith. "Huyu Yahya vipi? Chuo chetu tunamtaka golini Ijumaa."

"Mnamtaka kweli?"

"Kufa na kupona!"

Siku mbili baadaye nikafungua tena. Yahya: nyota tano! Mnaona? Mtaalamu kaona nilichokiona mimi. (Nilichokiona mimi ni zile nyota zake tatu.)

Nikamwendea kocha mbio, simu mkononi.

"Hemed," akasema Bwana Salum, "mimi Nassor namjua."

"Kumjua si elimu, bwana. Hizi ni takwimu."

Akanitazama weee. "Haya. Lakini lawama ni zako."

"Nipe zote!"

Basi leo nimekuja na bango. Kitambaa cheupe, nyota tano za dhahabu, kila moja kubwa kama sinia la halwa. Nikalisimamisha nyuma ya goli letu. Nassor kakaa benchi. Mama yake, Bi Zuwena, katoka Sib na kiti chake cha kukunja kuja kumwona, maana hii ndiyo mechi ya mwisho ya mwanawe kabla ya kumaliza chuo. Nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Mwanangu mgonjwa?"

"La, mzima."

"Mbona kakaa?"

"Leo tuna nyota tano, mama."

"Mchana huu?"

Dakika ya nne, ukaja mpira wa mbali. Si shuti lile, ni salamu. Yahya akaruka vizuri wallahi, mwili umenyooka, vidole vimetanuka, kama picha ya kalenda. Ila aliruka upande wa pili. Bao!

Bi Zuwena hata hakuinuka. Kwa sauti ya mtu anayehesabu vikombe vyake baada ya wageni kuondoka, akasema: "Nyota ya kwanza."

Watu wakacheka. Kijana bado anapasha moto, nikajisemea. Dakika ya ishirini, kona. Yahya akatoka golini, akarudi, akatoka tena, kama mtu aliyesahau funguo ndani. Bao! Safari hii uwanja mzima, wapinzani kwa wenyeji: "Nyota ya piliii!"

Nikatazama bango. Zimebaki tatu. Jasho likanitoka mpaka kwenye kucha.

Mapumziko. Bwana Salum hakunifokea. Afadhali angenifokea. "Nenda kamwombe Nassor," akasema. "Wewe mwenyewe. Na bango lako uende nalo."

Nikapita mbele ya watu wote, bango begani, nyota ya mwisho inaburuzika mchangani. (Msicheke bado.)

"Nassor, ndugu yangu, ingia."

"Glavu anazo mama."

Nikageuka. Bi Zuwena kaukumbatia mkoba wake.

"Kwanza niambie kwa nini ulimkalisha."

"Mtandaoni ana nyota moja, mama."

"Kampa nani?"

"Mtaalamu."

"Huyo mtaalamu alikuwapo Nassor alipovunjika kidole na akamaliza mechi?"

"Sijui, mama."

"Sema kwa sauti. Wa kule mwisho hawajasikia."

"SIJUI, MAMA!"

Uwanja ukapiga makofi. Hapo nimepungua kilo kumi, na sidhani kama zitarudi. Bi Zuwena akafungua mkoba.

Nassor akaingia. Hakuna mbwembwe. Anashika, anapanga mabeki, anasema "twendeni". Tukapata moja. Robo saa kabla ya mwisho tukapata la pili. Mbili kwa mbili! Tukaanza kuhesabu dakika. Zikabaki tatu. Ikabaki moja. Beki wetu akamkwatua mtu ndani ya boksi.

Penalti.

Bango nimelikunja, nimelikalia. Bwana Salum kageukia ukuta. Bi Zuwena kafumba macho, midomo inakwenda kwa dua. Miaka yote ya timu ile imesimama juu ya ile nukta, na mimi ndiye niliyeifikisha pale.

Mpigaji akaja. Nassor hakuruka kama kalenda. Aliegemea kidogo tu kushoto, kama anayempisha mtu mlangoni, na mpira ukamgonga kifuani. Filimbi! Sare! Timu ipo!

Watu wakamkimbilia Nassor. Mimi nikamkimbilia Harith, aliyekuja kutazama na simu yake.

"Nifahamishe. Zile nyota tano umezitoa wapi?"

"Mimi nilimpa tatu, ami Hemed, kwa video moja aliyoniletea kaka yake. Ulipopiga simu nikasema, chuo kinamtaka, basi watakuwa wamemwona. Nikaongeza mbili."

"Na Nassor, moja?"

"Nassor sijapata kumwona akicheza. Moja nampa kila ninayepata jina lake."

"Na yule mtu wa wodini Marekani, mwenye futi?"

Akanitazama kwa huruma, kama ninavyotazamwa tangu alasiri.

"Ami, hakuna mtu wa wodini. Na wao kule Marekani wanakisia kama mimi, na chuo kikubwa kikimtaka kijana, nyota zinapanda. Zile mbili ulizoziamini zilikuwa zako mwenyewe."