Maji ya Dharura ya Bwana Idarusi

Tanga nzima, kuanzia Raskazone mpaka kwetu Mabawa, hapakuwa na maji yaliyoheshimiwa kama maji ya Bwana Idarusi! Mimi ni jirani yake, na nasema niliyoyaona. Siku tuliyokwenda Pangani kumwoza, maji yale yalikaa kiti cha mbele, na shangazi yake akakaa nyuma.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne. Idarusi, karani wa godauni, mgane wa miaka arobaini na ushei, alikuwa amejaliwa vitu viwili ndani ya mwezi mmoja: motokaa na elimu. Motokaa aliinunua kwa Bwana Jivraj wa duka la vitambaa, naye Jivraj alikuwa mtu wa tatu kuimiliki. Elimu aliipata bure, siku Bwana Afya aliposimama sokoni akatueleza habari za vijidudu vya maji. Sisi wengine tulisikiliza, tukasikitika, kisha tukaenda zetu kunywa maji. Idarusi alikwenda kununua sufuria!

Tangu hapo hakushikika. Maji aliyachemsha, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayapoza, akayatia kwenye chupa sita za sharbati, akaziba kwa kizibo na nta. Kila chupa aliibandika karatasi yenye siku yake. Ukimtembelea, anakuonyesha.

“Hii ni ya Jumanne, Miraji. Tazama ilivyotulia. Ya Jumatano kidogo niliiharakisha.”

“Sasa si unipe nionje?”

“Haya ni ya dharura! Mwenye motokaa asiye na maji ya dharura, huyo ana mkokoteni tu.”

Basi Ijumaa moja, baada ya sala, tukaondoka. Idarusi alikuwa ameposa Pangani kwa Mzee Sadalla, na binti aliyemposa, Mwatumu, alikuwa mwanamke aliyekwisha kufiwa na mume, mzuri, mwenye kauli yake. Mzee Sadalla alitoa sharti moja tu. Akdi ya ndoa ni baada ya alasiri, na magharibi ikiingia bwana harusi hajasema “nimekubali,” watu watakula pilau yao waende zao. Idarusi alimtaka Mwatumu kweli. Kwa mwezi mzima alikuwa akilitaja jina lake hata katikati ya hesabu za magunia.

Hatukufika mbali. Jua lilikuwa kali, vumbi la barabara ya mashamba ya mkonge likituingia mpaka masikioni. Bi Mwanasiti, huyo shangazi, akakohoa.

“Idarusi baba, koo limenikauka. Hebu nipe chupa moja.”

“Shangazi, hiyo si dharura. Hiyo ni kiu.”

“Na dharura ikija inakuwaje?”

“Ikija utaijua.”

Bi Mwanasiti akanitazama. Mimi nikatazama mikonge.

Tulipokaribia Kigombe, motokaa ikaanza kutoa moshi puani. Ikaguna, ikatetemeka, ikasimama katikati ya njia huku inafoka kama birika la kahawa. Idarusi akafungua boneti kwa leso, akaruka nyuma.

“Imechemsha!” akasema.

“Alhamdulillahi,” shangazi akajibu. “Dharura si hiyo imekuja? Haya, mwagia hizo chupa twende.”

“Maji ya watu niyatie kwenye rejeta? Shangazi, una akili kweli?”

Bahati njema kisima kilikuwa hatua chache tu, na mama mmoja wa Kigombe alikuwa akiteka. Akatukaribisha kwa moyo mmoja. Shangazi akanywa kata tatu mfululizo, akashusha pumzi, akarudiwa na uhai. Mimi nikanywa mbili. Yalikuwa baridi, matamu, sijaona maji kama yale. Nikachukua ndoo nielekee kwenye gari, Idarusi akanizuia kwa mikono miwili kama askari wa forodha.

“Weka chini! Maji ya kisima hayaingii katika motokaa yangu! Hayajachemshwa!”

Yule mama akafikiri hakusikia vizuri. “Baba, unataka kuchemsha maji ya kuipa gari?”

“Bwana Afya kasema maji yote, mama. Yote!”

“Na hilo gari linafanya nini saa hizi? Si linachemsha lenyewe?”

Shangazi alicheka mpaka akaketi chini. Idarusi hakucheka. Alimwomba yule mama sufuria, akawasha kuni, akachemsha, akachuja kwa kilemba chake cha harusi, akapoza kwa kupepea na kofia. Akarudia tena, kwa maana rejeta ilitaka sufuria tatu. Watu wa Kigombe walitoka kutazama mwanamume aliyevaa joho anapikia motokaa. Nami nilikuwa nikitazama jua, na nawaambieni kweli, niliona haya. Chupa sita zilikuwa zimekaa mbele, hata nta haijaguswa!

Tulifika Pangani alasiri imekwisha kusaliwa zamani. Shehe alikuwa amekaa ukumbini, kitabu mapajani, wazee wamejaa mpaka barazani. Mzee Sadalla alikuwa amekunja uso, lakini alipomwona mkwewe akaukunjua.

“Shikamoo, baba,” Idarusi akasema kwa sauti iliyokauka kama makumbi. Toka asubuhi hakuwa ametia tone kinywani.

“Marahaba. Pole na safari. Mleteeni maji bwana harusi!”

Maji yakaja, bilauri juu ya sinia. Yalitoka katika mtungi wa Bi Mboni, mama wa bibi harusi, mtungi uliofukizwa ubani tangu alfajiri kwa ajili ya siku ile. Harufu yake ilijaa ukumbi mzima. Na nyinyi mnajua kwetu: mkwe akikupa maji, unapokea kwa mikono miwili, unakunywa, unashukuru.

Idarusi akaitazama ile bilauri. Akauliza:

“Yamechemshwa?”

Mzee Sadalla akadhani ni utani wa mjini. Lakini wapi! Idarusi akanigeukia, akasema, “Miraji, niletee ile ya Jumanne.” Nami, mjinga mimi, nikaenda nikaileta. Akabandua nta mbele ya wakwe, akanywa maji yake mwenyewe katika nyumba ya watu!

“Lahaula!” mzee mmoja akanong’ona. “Anaogopa wamemtilia kitu.”

Ndivyo kila mtu alivyoelewa, na ungeelewaje vingine? Mtu asiyekunywa maji ya wakwe amekwisha kusema kwamba wakwe ni wachawi. Kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti ya Bi Mboni.

“Sadalla! Muulize huyo bwana, maji yangu yana nini? Nimelea watoto saba kwa mtungi huu, yupi alitoka mbilikimo?”

Bi Mwanasiti alimfinya mpwawe nikaona machozi yanamlengalenga. “Kunywa, mwanaharamu wewe! Unataka kurudi Mabawa na chupa zako au na mke?”

Idarusi akaichukua ile bilauri, akafumba macho, akanywa. Watu wakavuta pumzi.

“Mazuri,” akasema, na nadhani alishangaa mwenyewe.

“Hayo ni ya mtungi wa ukumbini,” Bi Mboni akajibu. “Bado ya mtungi wa ndani. Au huo ndio una sumu?”

Akanywa ya mtungi wa ndani. Ikaja bilauri ya bibi yake bibi harusi, mkongwe ambaye kukataliwa maji yake kungemwua. Akanywa. Ikaja ya mama mdogo. Ya jirani wa kulia. Jirani wa kushoto akasema yeye kadharauliwaje, naye akaleta ya kwake, tena kwa kata! Mimi nilihesabu bilauri tisa, nikaacha. Bwana harusi alijaa kama kiriba, joho likambana, akawa anajibu kwa kutikisa kichwa tu asije akamwagika.

“Sasa nimeridhika,” akasema Bi Mboni.

Shehe akaenda mlangoni pa chumba na mashahidi wawili, wakamwuliza Mwatumu. Yeye hakuwa mwari wa kunyamaza ikachukuliwa ni idhini. Ilikuwa lazima aseme kwa kinywa chake. Akasema wazi, “Nimeridhia.” Basi shehe akarudi, akakaa, akafungua hotuba.

Shehe yule alikuwa na ilimu nyingi, na hakupenda kuacha hata moja nyuma. Akaeleza fadhila za ndoa. Akaeleza haki za mke. Idarusi akahama goti la kulia akaenda la kushoto. Shehe akaeleza haki za mume, haki za jirani. Idarusi akaanza kutoka jasho, akauma midomo, akanishika mkono akaukamua kama chungwa.

“Nenda,” nikamnong’oneza.

“Magharibi,” akanijibu. “Karibu magharibi.”

Hatimaye Mzee Sadalla akanyoosha mkono, akaanza kutamka: “Ewe Idarusi, nimekuoza binti yangu Mwatumu, kwa mahari tuliyo—”

Idarusi hakuwepo! Alikwisha kuruka wazee wawili na sinia la halua, joho linapepea, akatokea mlango wa uani. Mzee Sadalla akabaki ameshika hewa. Tukasikia mlango wa choo ukibamizwa. Halafu, kutoka huko huko nyuma ya nyumba, sauti ya mtu aliyekombolewa:

“Nimekubali! Shehe, nimekubali! Msiondoke! Nimeikubali ndoa yake!”

Wazee wakamtazama shehe. Shehe akafunga kitabu taratibu.

“Kabuli ya chooni haisihi,” akasema. “Na kikao kimekatika. Tuanze upya, tangu idhini ya mwanamke. Upesi, mwadhini anatawadha.”

Idarusi akarudi ameloa miguu, mnyonge, akapiga magoti mahali pake. Nilimwonea huruma, Mungu shahidi wangu. Mashahidi wakaenda tena mlangoni. Safari hii walikawia, na huko ndani wanawake walikuwa wakicheka kwa zamu, maana Bi Mwanasiti alikuwa amekwisha kuingia chumbani akawasimulia habari za Kigombe, na sufuria, na kilemba.

Mashahidi wakatoka. Mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa kanzu. Mwenziwe akakohoa.

“Anasemaje?” akauliza Mzee Sadalla.

“Anasema leo haridhii. Anasema bwana huyu ana kawaida yake, asivunjiwe, na yeye bado hajachemshwa. Bwana harusi arudi Ijumaa ijayo, pengine bibi harusi atakuwa amechemka na kupoa.”